Sultani wa Malindi na kesi ya usaliti

Anayepelekwa kuitazama nguzo ya baharia Mreno Vasco da Gama hapa Malindi hutajiwa kwanza ukarimu wa wenyeji waliompokea Mreno mwaka 1498, kisha, mara nyingi kwa sauti ya chini kidogo, huambiwa kwamba hapa ndipo pwani yetu ilipouzwa. Masimulizi hayo mawili yamekaa pamoja kwa muda mrefu kiasi kwamba hatuoni tena kuwa la pili ni shtaka, na mshtakiwa hajapewa nafasi ya kujitetea. Nadhani anastahili kuipata, ingawa sisemi ataachiwa huru.

Shtaka lenyewe ni zito. Mombasa ilimshuku da Gama tangu siku za mwanzo, na miaka saba baadaye, mwaka 1505, jeshi la Mreno Francisco de Almeida liliipora Kilwa, kisha likaipora Mombasa na kuitia moto. Mwaka 1528 Mreno mwingine, Nuno da Cunha, aliichoma Mombasa tena, na safari hiyo watu wa Malindi walikuwa upande wake. Muda wote huo Malindi haikuguswa. Mtu wa Mombasa asemapo kwamba jirani yake alinunua usalama kwa moto wa nyumba za wenzake, anasema jambo lenye ushahidi.

Hata hivyo, shtaka la usaliti linahitaji kuwepo kitu kimoja kinachosalitiwa, na mwaka 1498 kitu hicho hakikuwepo. Malindi, Mombasa, Pate na Kilwa zilikuwa na lugha moja na dini moja, zikioana na kufanya biashara, lakini kila mji ulikuwa na mtawala wake, ushuru wake na uhasama wake. Adui ambaye Malindi ilimjua kwa jina na kwa sura alikuwa Mombasa, mji mkubwa zaidi na wenye bandari bora. Wageni wenye nguvu kutoka mbali nao hawakuwa jambo jipya. Mwaka 1415 Malindi ilikuwa imempelekea mfalme wa China twiga, na merikebu kubwa za Wachina zikaja pwani hii, zikaondoka, wala hazikuacha boma. Kwa kipimo hicho, mgeni wa baharini ni mtu wa msimu: huja na upepo na huondoka na upepo.

Na huyu aliyekuja katikati ya Aprili 1498 alikuwa na nini? Alikuwa na meli tatu zilizochakaa na watu wasiofika mia mbili. Msafiri mmoja wa msafara huo aliyeandika habari za kila siku anaeleza jinsi mtawala wa Malindi alivyotoka kwa mashua kumlaki, akiwa chini ya mwavuli wa hariri nyekundu, huku zikipulizwa baragumu mbili za pembe za ndovu, ndefu kama kimo cha mtu, zenye tundu la kupulizia ubavuni. Mtu wa Lamu akisoma maelezo hayo hahitaji kuelezwa kwamba ni siwa, baragumu ya heshima ya watawala wa pwani. Wawili hao walizungumza wakiwa mashuani, kwa kuwa da Gama alikataa katakata kushuka pwani. Ukarimu unaosifiwa pale kwenye nguzo ulikuwa basi ukarimu wa watu wanaochungana.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo la rubani, yaani mjuzi wa njia za bahari wa kuwaongoza Wareno hadi India, ambalo ndilo moyo wa kesi hii. Yasemwa kwamba Malindi ilimkabidhi Mreno ufunguo wa bahari. Kinachosahauliwa ni namna ulivyokabidhiwa: siku zilipopita bila rubani kuletwa, da Gama alimzuilia melini mtu wa karibu wa mtawala aliyekuwa amekwenda kuwatembelea, akatuma neno kwamba anataka rubani. Rubani akaletwa upesi, na mateka akaachiwa. Wapo wanaosema rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Uarabuni, lakini wanahistoria wengi hawakubali, na yaelekea zaidi kuwa alikuwa mtu wa Gujarati.

Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, upepo wa kusi ukianza kushika, na baada ya siku 23 za kuona maji matupu, milima ya India ikaonekana. Zilikuwa siku 23 tu. Kurudi kwao waliondoka India mwanzoni mwa Oktoba, bila kungoja upepo wa kaskazi ukomae, jambo ambalo nahodha yeyote wa Lamu au wa Malindi angewakataza. Bahari ileile ikawachukua karibu miezi mitatu. Watu 30 walifia njiani, na kila chombo kikabaki na mabaharia saba au wanane wenye nguvu ya kushika kamba. Walipotia nanga tena Malindi, Januari 1499, wagonjwa walikuwa wakililia machungwa, na mtawala akawapelekea.

Nimezirudia hesabu hizo mara nyingi, kwa sababu zinakata pande zote mbili. Upande mmoja zinaonyesha kwamba nguvu ya Ureno katika mwaka ule ilikuwa ya kuazima: mizinga ilikuwa yao, lakini kujua lini utweke tanga na lini uliteremshe ilikuwa elimu ya pwani hii na ya Gujarati. Mwendesha mashtaka atasema, vema, kwa nini basi mliwaazima? Na machungwa yale mliwapelekea ya nini, ilhali watu saba hawawezi kuendesha meli, na kungoja tu kungetosha? Swali hilo ni gumu, nami sina jibu linaloniridhisha zaidi ya hili, kwamba aliyetoa machungwa hakuwa na namna ya kuuona mwaka 1505. Lakini Mreno aliyefuata, Cabral, alipopita mwaka 1500 alipewa marubani vilevile, na safari za baada ya hapo haziwezi kutetewa kwa kutokujua. Kuanzia hapo Malindi ilikuwa inachagua.

Malipo ya uchaguzi huo hayatajwi sana. Wareno walipoishika Mombasa na kuanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, hawakuwa tena na haja na Malindi. Walimhamisha Sultani Ahmad wakamkalisha Mombasa, mji ambao ukoo wake uliutamani kwa karne nzima, wakamwahidi theluthi ya ushuru wa forodha. Mji aliouacha ulidhoofu, hata ukawa magofu, mpaka Zanzibar ilipoufufua katika karne ya 19 kwa mashamba ya nafaka na jasho la watumwa. Mwana wa Ahmad, Hasan, aligombana na kapteni Mreno wa ngome, akakimbilia Rabai, akauawa huko mwaka 1614. Mjukuu, Yusuf, alipelekwa Goa, makao ya Wareno huko India, akiwa mtoto, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo, akarudishwa kuwa sultani mtiifu. Agosti 1631 alimuua kapteni, akaitwaa ngome. Tangu ukoo uhamie Mombasa hadi damu ile ndani ya ngome haikupita hata miaka 40.

Lamu nayo ina la kujibu, ingawa hakuna anayeiuliza. Baada ya vita vya Shela, mnamo 1812, ilipowashinda Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, iliogopa kwamba wangerudi, ikatuma watu kwa Seyyid Said, mtawala wa Oman, kuomba ulinzi. Akaja liwali, wakaja askari, na ngome ile iliyo mbele ya soko ikakamilishwa. Ni kitendo kilekile cha mji mdogo kumwita mkubwa wa mbali dhidi ya mkubwa wa karibu, na dola likaingia kwa mlango uliofunguliwa kutoka ndani. Ila huko Lamu hatulisikii neno usaliti. Tunasikia ushujaa wa Shela. Sababu yake, nadhani, ni kwamba Mwomani alikuwa Mwislamu aliyeoa mjini na kusali safu moja na wenyeji, na Mreno hakuwa hivyo. Ni tofauti ya kweli, lakini ni tofauti ya mgeni, si ya mwenyeji aliyemkaribisha.

Kuhusu msalaba wa mawe ulio juu ya nguzo ya Malindi, inasimuliwa kwamba hapo mwanzo ulisimamishwa karibu na nyumba ya sultani, watu wake wakauchukia, naye akauteremsha. Hakuutupa baharini. Aliuweka ndani, akautunza.