Tuache kuchokonoa kabureta za pikipiki za zamani kwa waya

Jamani hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu, acha niliseme.

Nina Honda CG125 ya mzee wangu, alikuwa anaendea nayo kufundisha, mimi nimeirithi na ndo usafiri wangu hapa Njombe. Hizi pikipiki zilianza kutoka 1976, injini ya CC 124, haina makuu, ndo mana Wachina waliiiga na leo bodaboda nyingi zina injini ya ukoo uleule. Kabureta yake, yani kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, nayo haina mambo mengi, kibakuli, boya, jeti mbili (vile vipande vyenye tundu dogo la kupitishia mafuta), sindano na skrubu kadhaa. Sasa kitu chepesi namna hiyo kwa nini kila ikikohoa kidogo tunaambiwa imekufa, nunua mpya?

Mwaka jana ilianza tabia moja, natoka nyumbani inaenda safi kabisa, nikifika kilometa 4 au 5 inakosa nguvu, inakohoa, inazima, nikisimama dakika 10 inawaka kama hakuna kilichotokea. Nikaipeleka kwa fundi, akafungua kabureta akasema jeti ndogo imeziba, akachukua uzi mmoja wa waya wa klachi akaanza kuchokonoa. Nilikuwa nimesimama palepale naangalia, sikusema kitu, najuta mpaka leo. Ile jeti ni shaba laini, waya ni chuma, na tundu lenyewe halifiki hata nusu milimita! Baadaye nilipoitoa nikaielekeza juani nikaiangalia kwa kioo cha kukuzia, tundu halikuwa duara tena, limevutika upande mmoja kama punje ya mchele na mdomoni lina mikwaruzo. Tangu siku ile pikipiki ikawa inabugia mafuta, plagi nyeusi tii kama sufuria la kuni, na ile kuzima ikabaki vilevile.

Mana tatizo halikuwa kabureta, lilikuwa mfuniko wa tanki. Mfuniko una kitundu cha kuingiza hewa, kikijaa vumbi na kutu, mafuta yanapopungua hewa haiingii kujaza nafasi, basi mafuta yanagoma kushuka. Nilikuja kujua njiani, imezima, nikafungua mfuniko nione kama mafuta yapo nikasikia fyuuu, nikapiga kiki moja ikawaka. Kazi ya kitambaa na mswaki ilinigharimu jeti.

Kwa hiyo mimi sasa hivi naanzia juu nashuka chini, mfuniko, koki na kichujio chake, mpira wa mafuta, eaklina (kichujio cha hewa), plagi kama ina moto, ndo nifike kwenye kabureta. Na hata hapo siifungui kwanza, nalegeza ile skrubu ya chini ya kibakuli namwagia mafuta kwenye glasi. Maji hayachanganyiki na petroli, utayaona chini yamejikusanya kama shanga, na kutu imekaa pembeni yake. Serikali ilianza kuweka vinasaba (kemikali za kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta 2010 kupambana na uchakachuaji, lakini sisi tunaonunua ya chupa pembeni ya njia glasi ndo maabara yetu.

Alafu kuna choki, ile ya kupunguza hewa ili mafuta yazidi wakati wa kuwasha, hii watu wanaidharau sana. Injini ikiwa imeshapata moto inamisi, yani inakatakata, vuta choki kidogo, ikitulia jua mafuta yanayofika ni machache, yani jeti imeziba au kuna mahali inanyonya hewa. Ikizidi kuwa mbaya jua mafuta tayari ni mengi. Na uangalie inasumbua ukiwa umevuta mafuta kiasi gani, mimi nilibandika plasta kwenye mkono wa mafuta nikachora alama za robo, nusu na robo tatu. Ikikosa sailensi (ule mngurumo wa chini ukiwa hujavuta mafuta) na kusumbua mpaka kwenye robo ni jeti ndogo na skrubu ya hewa, katikati ni sindano, ukivuta mpaka mwisho ndo jeti kubwa. Ukijua hilo hakuna haja ya kufumua kila kitu.

Kama inanyonya hewa utasikia sailensi inapanda yenyewe na ukiachia mafuta inachelewa kushuka. Mwagia maji ya sabuni kidogokidogo pale kabureta inapoungana na injini, mlio ukibadilika umepata, ni gasketi au oringi, vitu vya bei ndogo. Usimwagie petroli kama nilivyoona watu wanafanya kwenye injini ya moto, utaungua.

Ikimwaga mafuta kwenye kibomba cha chini, tazama ncha ya sindano ya boya, ikiwa na pete iliyolika haizibi tena. Hili lisikae hata siku moja, mana ukilala koki iko wazi mafuta yanaweza kupita kwenye silinda mpaka kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili unuse, ikinuka petroli usiiwashe, mwaga oili yote.

Kusafisha loweka jeti, puliza kwa kompresa, ikigoma tumia uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, huo hauli shaba. Na kabla hujatoa skrubu ya hewa ifunge taratibu huku unahesabu mizunguko uandike, ukirudisha irudi palepale, wengi hawaandiki ndo mana pikipiki inatoka gereji ikiwa mbaya kuliko ilivyoingia.

Kitu kingine, sisi wa milimani. Njombe tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, pikipiki iliyosetiwa Dar ikifika hapa mafuta yanazidi hewa. Yangu hata baada ya kupata jeti nyingine ilikuwa bado nzito katikati, nikapandisha klipu ya sindano ngazi moja ili sindano ishuke, plagi imetoka nyeusi imekuwa rangi ya kahawa. Hiyo kazi nimeifanya mwenyewe uani kwa bisibisi na koleo, kabureta ni ileile aliyoiacha mzee, na ile ya elfu kadhaa niliyoshauriwa ninunue sikuinunua.