Ngamiani Tulikaa Pamoja, Kodi Ikatutawanya

Juzi nilialikwa chakula cha jioni kwenye makazi ya pamoja huku kaskazini mwa Uingereza. Kila familia ina nyumba yake, ila kuna jengo la wote lenye jiko kubwa na mashine za kufulia, na watu hupika kwa zamu. Wenyeji wakarimu, chakula kizuri. Kilichonikera ni jibu la swali langu kuhusu bei ya nyumba: bei ya soko, sawa na nyumba yoyote ya mjini. Pale mezani alikuwepo daktari, mhadhiri, wastaafu wenye pensheni nzuri. Anayehudumia wazee kwa mshahara wa saa nilikuwa mimi tu, na mimi nilikuwa mgeni.

Nimekulia nyumba ya kupanga Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara za namba. Vyumba sita, korido katikati, choo uani. Chumba cha mbele alikaa karani wa bandarini, akifuatiwa na mwalimu, halafu sisi, halafu mama aliyekaanga mihogo, na chumba cha uani kijana aliyebeba mizigo soko la Mgandini. Mchanganyiko ule hakuupanga mtu, na watoto wote tulikula popote sufuria ilipoiva.

Najua mtakachosema: "Ameshapigwa baridi, sasa anatufundisha kuishi." Hapana. Kwa ujirani Tanga inawazidi hawa, na nitalisema hilo popote. Ninachowaonea wivu ni hesabu ya pesa, kwa wale wachache walioipatia.

Huku Uingereza, mjini Leeds, kuna makazi ya pamoja yanayoitwa LILAC, nyumba 20, watu wakahamia mwaka 2013. Nyumba ni za ushirika, na mwanachama hulipa asilimia 35 ya kipato kinachobaki baada ya makato. Anayepata zaidi hulipa zaidi, na hisa zake hukua haraka zaidi. Huruma haihusiki hapo, kwa kuwa deni la benki lazima lilipwe, ndiyo maana kuna kima cha chini cha kipato na maskini kabisa bado yuko nje. Denmark, ambako makazi ya pamoja ya Sættedammen, ya kununua, yalihamiwa mwaka 1972, hawakukaa muda mrefu kabla ya kujenga mengine, Tinggården, mwaka 1978, na hayo ni ya kupangisha. Walijua kwamba ukisubiri kila mtu anunue, utakaa na wenye nazo peke yao.

Sasa turudi kwetu. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima, na dalali juu yake. Kijana wa Mgandini alilipwa kwa siku. Hiyo miezi sita angeitoa wapi? Aliondoka, na mama wa mihogo akamfuata. Na umeme wa Luku tuligawana sawa kwa kila chumba, mwenye friji na mwenye balbu moja. Hilo bado linaniuma.

Mtaniambia mwenye nyumba naye ana watoto wa kusomesha. Kweli, wala simlaumu. Mabati yakivuja anahitaji fedha ya mkupuo. Lakini tuna vikoba vinavyonunua maturubai na viti vya kukodisha. Kikoba hicho hicho kishindwe nini kununua kiwanja Mwakidila, wanachama wakachangia kwa kadiri ya vipato vyao? Tangu 2008 tuna sheria inayoruhusu sehemu za jengo moja kuwa na hati tofauti. Magorofa ya Dar yanaitumia. Wapangaji wa Ngamiani nani amewaeleza?

Na wewe unayesema Waswahili wakimiliki pamoja watagombana: tuligombana kila Luku ilipokata. Usiku ambao mama alishikwa na uchungu, karani tuliyekuwa tumenuniana naye ndiye aliyetafuta gari akampeleka hospitali ya Bombo, na mke wake akalala na sisi watoto mpaka asubuhi.