Kabla ya Kumwogesha Paka Anayenuka

Mara ya kwanza paka wangu Bizari kurudi nyumbani na harufu isiyo yake, ilikuwa harufu ya udi. Mimi sifukizi udi. Ninaishi Pangani, Nairobi, ghorofa ya nne, katika jengo ambalo jioni hujaa harufu ya vitunguu vinavyokaangwa na nguo zilizokosa jua, kwa hiyo paka anayenukia kama chumba cha bibi harusi ni wa kutiliwa shaka. Baada ya siku tatu za upelelezi niligundua kwamba alikuwa na nyumba ya pili kwa bibi wa ghorofa ya pili, ambako alilishwa vichwa vya samaki na kulala kwenye kiti kilicho karibu na chetezo.

Kisa hicho cha udi kilinichekesha, lakini pia kilinionyesha jambo ambalo sikuwa nimelitia maanani. Paka mwenye afya hana harufu. Yeye ni mwindaji wa kuvizia, na sehemu kubwa ya saa anazokuwa macho huzitumia kujilamba, hivi kwamba ukiyazika mapua yako katika manyoya ya shingo yake hupati zaidi ya joto na vumbi kidogo. Akianza kuwa na harufu, basi ama ameitoa mahali, ama kuna kitu kimeharibika mwilini mwake, ama ameacha kujilamba, na hilo la mwisho ni dalili kamili ya ugonjwa hata kama hakuna kingine kinachoonekana.

Miezi michache baadaye nilikutana na bibi kwenye ngazi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanishika mkono.

“Mwanangu, huyu paka wetu ana uvundo.”

“Nimeusikia, bibi. Nitamwogesha kesho.”

“Sikusema ni mchafu. Nimesema ana uvundo.”

Sikumsikiliza. Harufu ile nilikuwa nimeinusa tangu siku iliyotangulia, nzito na yenye utamu wa kuchukiza, kama maji ya chombo cha maua yaliyosahauliwa, na nikajiambia kwamba ameingia kwenye pipa la taka. Nilimwogesha kwa sabuni ya mtoto. Alinukia vizuri kwa muda wa saa sita hivi, kisha uvundo ukarudi, safari hii ukiwa na mwenziwe, kwani Bizari aliacha kula na kujificha chini ya kitanda. Nilikwenda kwenye agroveti ya jirani, na kijana wa dukani, kwa nia njema kabisa, akanipa shampuu ya mbwa ya kuua viroboto. Bahati yangu ni kwamba nina tabia ya kusoma maandishi madogo. Ilikuwa na permethrini, dawa ambayo mbwa huistahimili lakini ambayo humfanya paka atetemeke, apate degedege na hata afe.

Hapa ndipo maoni yangu yanapolala: pupa ya kuondoa harufu ndiyo inayowaua paka wetu, kuliko harufu yenyewe. Nairobi tumezoea kwamba kinachonuka kinahitaji dawa ya kukisafisha. Nimewaona watu wenye huruma wakimfuta paka kwa dawa ya kuulia viini, ile inayogeuka nyeupe kama maziwa ikitiwa majini, wasijue kwamba ini la paka haliwezi kuiondoa fenoli, aina ya kemikali iliyomo katika dawa hiyo, mwilini kama letu linavyoweza, na kwamba paka atakachopakwa mgongoni atakilamba chote kabla ya magharibi. Mafuta ya taa ni yale yale. Vidonge vya parasetamoli, ambavyo wengine humpa paka anayeonekana kuumwa, ni vibaya zaidi, kwa kuwa kimoja tu kinaweza kumuua.

Kinachotakiwa kwanza ni kuitambua harufu, na kwa kazi hiyo Kiswahili kimetupa maneno mengi kuliko tunayoyatumia. Tunasema tu “ananuka vibaya”, ilhali uvundo ni wa kitu kinachooza, vumba ni la samaki, na kutuzi ni la kwapa. Kwa daktari wa mifugo tofauti hizo si mapambo ya lugha. Vumba linalotoka upande wa mkia humpeleka moja kwa moja kwenye tezi mbili ndogo zilizo kando ya mkundu. Pumzi inayonuka kama mkojo, hasa kwa paka mzee anayekunywa maji kupita kawaida, humfanya apime figo. Pumzi yenye utamu wa matunda yaliyopitiliza, au iliyo kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, huweza kuwa kisukari kilichofika pabaya, na mwenye paka huyo asilale bila kumwona daktari. Sikio linalonuka unga uliochacha huenda likawa na fangasi. Likiwa na taka nyeusi kama machicha ya kahawa, mtuhumiwa wa kwanza ni utitiri. Na kuhusu mdomo, sikubaliani na wale wanaosema “ni paka, anakula samaki, unatarajia nini?” Harufu ya mlo huisha. Ile isiyoisha ni ya ufizi na meno, na paka mwenye maumivu hayo ataendelea kula kimyakimya mpaka ashindwe.

Nilimtia Bizari kwenye kikapu nikapanda matatu mbili hadi kliniki ya wanyama huko Kabete. Katika ile ya pili, abiria walifungua madirisha mmoja baada ya mwingine bila kuniangalia, adabu ambayo bado naishukuru. Daktari hakuuliza mengi. Aliinusa sehemu ya juu ya mkia, akanyoa manyoya, na hapo pakaonekana matundu mawili yasiyozidi ncha ya kalamu. Alikuwa ameumwa na dume mwenzake. Meno ya paka ni membamba na huingia ndani sana, kisha ngozi hufunga upesi juu ya uchafu ulioachwa, na chini yake usaha hujikusanya kwa siku kadhaa bila mtu kuona kitu. Jipu lilipopasuliwa, chumba kizima kilijua kwamba bibi alikuwa amelitaja neno sahihi. Likasafishwa, akadungwa sindano, tukapewa dawa za siku saba pamoja na sindano ya kinga ya kichaa cha mbwa, ambayo nilikuwa nimechelewa kuirudia. Daktari alishauri pia ahasiwe, maana dume asiyehasiwa hawezi kuacha ugomvi, wala mkojo wake hauachi kuwa na ukali ule unaojulikana na kila mwenye veranda.

Siku hizi bibi nami tuna utaratibu. Anayempata Bizari wa kwanza jioni humnusa masikio, mdomo na mkia, kisha humpasha mwenziwe habari. Jana alinipigia simu mapema kuliko kawaida.

“Mwanangu, leo ananuka samaki.”

“Vumba, bibi? Upande wa mkia?”

“La, mdomoni, tena na nazi na ndimu. Samaki wangu wa kupaka simwoni.”