Kila Mpira Unataka Kwenda Ziwani

Aliyelianzisha ni Dereva, yule wa bodaboda yenye kioo kimoja. Alikuwa amekalia kreti la bia pale baa kwetu Kitangiri, anaperuzi simu, mara akapayuka: "Jamani, kumbe US Open yeyote anaingia, mradi alipe!"

Tukadhani tenisi. Akasema hapana, ni ya pool, ile ya mipira tisa, mashindano yaliyoanzia Norfolk, Virginia, mwaka 1976, na miaka ya karibuni yanapigwa Atlantic City na wachezaji 256. Mabingwa wa dunia wapo, lakini hata fundi bomba akiwahi nafasi na akalipa ada, anapangiwa meza. Ada aliyoisoma ilikuwa dola 1,000.

Fundi akaweka chupa chini. Huyu anatengeneza injini za mitumbwi Mwaloni, na kwenye meza yetu hajafungwa tangu masika. "Ngosha," akaniambia, "mimi pale nafika robo fainali."

Hapa lazima niieleze meza yetu, maana bila meza ile Fundi asingethubutu. Baa imejengwa mlimani juu ya mawe, kama ilivyo nusu ya Mwanza. Upande mmoja kuna jabali ambalo mwenye nyumba alishindwa kulivunja, akaamua liwe ukuta. Mpira ukikaa upande huo fimbo ya kawaida haienei, kwa hiyo ipo fimbo fupi, iliyokatwa kwa msumeno, inaning'inia kwenye msumari. Sakafu nayo inateremka. Mguu mmoja wa meza umewekewa kipande cha tairi, hakijawahi kutosha, na sisi tulishaacha kulalamika. Kila mpira unataka kwenda ziwani. Ukiupiga taratibu unaanza safari ya Buzuruga, unasita, halafu unakata kona kuelekea Kirumba. Mgeni akija na mahesabu yake ya pembe tunamla sarafu zote mpaka nauli.

Mjadala ukachukua jioni nyingi. Fundi alikuwa na ushahidi wake: Efren Reyes, Mfilipino aliyekulia kwenye ukumbi wa pool wa mjomba wake, akilala juu ya meza, mwaka 1994 akalibeba kombe la US Open, wa kwanza asiye Mmarekani. "Si alitoka mtaani yule?"

"Alitoka mtaani akila hela za watu wazima wenye akili zao," Mwalimu akamjibu. "Wewe unakula za wavuvi wakishalewa."

Mwalimu ni mstaafu wa hesabu, na ndiye mtunza daftari letu la madeni na michango. Alivaa miwani akaanza. Mashindano yale, raundi za mwanzo, ukifungwa mara mbili umetoka. Kwa hiyo, kwa mtu wa daraja la Fundi, dola 1,000 ni za mechi mbili, kila mechi dola 500. Hapa kwetu mechi ni sarafu ya mia mbili. Dola ikiwa shilingi 2,500, hiyo ada ni mechi 12,500 bila kutoka Kitangiri. Bado tiketi ya ndege. Bado dola 185 za kuomba viza, ambazo ukinyimwa hazirudi.

"Na ile ada si ndiyo inaongeza zawadi za washindi?" akauliza Mama mwenye baa, ambaye siku zote husikiliza akiwa amegeukia friji. Dereva akakubali. "Basi huo ni mchango wa harusi. Bibi harusi humjui, bwana harusi humjui, na hata kadi ya singo hujapewa."

Baa nzima ikamuunga mkono. Mimi sikuafiki, na mpaka leo naona nina hoja. Kufungwa tisa kwa sifuri na Shane Van Boening, bingwa wa US Open mara tano, ni sifa. Utaisimulia Mwaloni mpaka uzeeni, na kila mwaka unaweza kujiongezea bao moja. Kufungwa na muuza kahawa ni aibu, na muuza kahawa alikuwa amenifunga wiki ileile.

Dereva akaendelea kutusomea. Van Boening ana tatizo la kusikia tangu utotoni, na akiwa mezani huweza kuzima kifaa cha masikioni, kelele zote zikakoma. Fundi hakusema kitu. Kesho yake akaja na pamba.

Tukafikia mwafaka: kabla ya sisi wengine kuchanga hata senti, kwanza jaribio. Meza ya kule ni ya futi tisa, yetu ni ya futi saba, na Fundi alimjua mzee mmoja wa Capri Point, mfanyabiashara wa samaki aliyewahi kutengenezewa injini na yeye, ambaye sebuleni kwake alikuwa na ya futi tisa. Jumapili mchana tukapakiana wanne kwenda huko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu, karibuni. Viatu hapo hapo mlangoni."

Nyumba ilikuwa na vigae vya kujiona uso. Dirishani ziwa lote, na meza katikati, kijani, kubwa, kimya. Mimi nilikwenda moja kwa moja kutafuta fimbo fupi ilipo. Mzee akaniuliza ya nini. Nikasema basi tu.

Mpira wa kwanza Fundi aliupiga kwa ule ufundi wake wote, akaulenga mbali na shimo ili mteremko uurudishe. Haukurudi. Ulikwenda ulikotumwa, ukagonga ukingo, ukatulia. Fundi akauangalia kwa muda. Akapiga mwingine, nao ukanyooka. Mtu aliyezoea kusaidiwa na ziwa zima ameachwa peke yake na fimbo.

Mzee alitufunga wote kwa zamu huku anakunywa chai ya tangawizi. Katika mipira tisa unatakiwa kuanza kugusa mpira wenye namba ndogo kuliko yote iliyopo mezani, lakini anayetumbukiza namba tisa kihalali ndiye mshindi, hata kama mingine bado. Mzee akagonga namba moja, moja ikagonga tisa, tisa ikaingia, akaanza kukusanya mipira.

"Mzee, bado nane mezani!" Fundi akalalamika.

"Zitabaki hapo, mwanangu. Mchezo umekwisha."

Ndipo mzee akaitwa getini, kuna gari la barafu lilikuwa na maneno na mlinzi. Mlango ulipofungwa tu, Fundi akatugeukia. Tatizo, alisema, ni meza. Imenyooka mno. Tuinyanyue kona moja, tuweke kitu chembamba, ili angalau aonyeshe kiwango chake halisi. Na kabla hatujajibu alikuwa ameshakwenda mlangoni kwenye viatu, anabonyeza ndala moja moja kwa kidole, akarudi na ya kwangu. "Hii ndiyo yenye unene wa nyumbani."

Ya kushoto. Nilikuwa nimeinunua Makoroboi juzi yake.

Meza ya futi tisa ina bamba la jiwe chini ya kitambaa, na nzima inaweza kuzidi kilo 400. Kona moja, wanaume watatu, inanyanyuka, ila mtu asikucheke. Mwalimu tukamweka mlangoni akohoe akiona mzee. Fundi akasema kazi inahitaji utulivu, akajaza pamba masikioni. Tukahesabu, tukanyanyua, nikaisukuma ndala kwa dole gumba la mguu, ikaingia nusu.

Mwalimu akakohoa.

Mimi na Dereva tukashusha. Fundi, ambaye hakusikia kitu, akazidi kunyanyua. "Inueni, wazembe nyie!" akapiga kelele, sauti ya mtu mwenye pamba. Mwalimu akakohoa kifua kizima. Fundi akashindwa nguvu, mguu wa meza ukakaa juu ya ndala kwa uzito wake wote, na mzee akaingia.

"Vipi, mlikuwa mnaniita?"

Tukasema hapana, tunafanya mazoezi.

Mzee akaupanga mpira mweupe katikati ya meza ili apige. Akainama. Mpira ukaondoka. Haukuguswa na mtu. Ulianza polepole, ukachangamka, ukaenda ukadumbukia shimo la pembeni. Mzee akasimama wima. Akautoa, akaurudisha palepale. Ukaenda tena.

"Nyumba inazama," akasema.

Hapo ndipo tulipotakiwa kuongea. Lakini mzee alikuwa ameshaanza kukumbuka tetemeko la Kagera la Septemba 2016, jinsi Bukoba ilivyoumia na hata huku Mwanza tulivyotikisika, na kwamba tangu hapo alimwambia mjenzi msingi ukaguliwe, mjenzi akaleta maneno. Akachukua simu. Akampigia mjenzi, akamwambia mambo ambayo mtu mzima hapendi kuambiwa Jumapili. Nani angemkatiza aseme, samahani mzee, ni ndala?

Mjenzi alifika jasho linamtoka, na pimamaji mkononi. Akapima sakafu: sawa. Akapima kizingiti cha dirisha: sawa. Akapima meza, akainua nyusi. Akapiga magoti, akamulika kwa simu, akakaa chini kule muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipotoka alikuwa mtu aliyerudishiwa heshima yake.

"Mzee, msingi wako mzima. Kuna ndala."

Mzee akainama, akaangalia, akasimama. "Ya nani?"

Wote tulikuwa pekupeku. Fundi akatoa pamba, akauliza kuna nini. Mwalimu akasoma mgongo wa kitabu kilichokuwa rafuni. Mjenzi akasema tusisumbuane, jambo ni rahisi: mwenye nayo atajulikana akitoka.

Basi hakuna aliyetoka. Saa kumi na mbili tulikuwa bado tumekaa, tunasifia ziwa. Dereva alipigiwa na abiria wake wa kila siku akamwambia yuko msibani. Jua lilizama, mlinzi akawasha taa za nje, na mzee, ambaye nadhani alishamaliza hasira zamani na sasa alikuwa anastarehe, akaagiza ugali na sato wa kuchemsha. Tukala vizuri sana, nisiseme uongo. Mjenzi naye alikula, akiwa amekaa kwenye kiti kinachotazama mlangoni.

Saa tatu kasoro mzee akapiga miayo, ikabidi tuage. Tukaenda mlangoni tumefuatana. Fundi akavaa zake, Mwalimu akavaa zake, Dereva akavaa raba zake bila kufunga kamba. Mimi nikavaa ya kulia, nikaendelea kutembea kwa heshima zote.

"Mwanangu," mzee akaniita. "Hiyo nyingine inabaki. Siku mmoja wenu akinifunga, ataondoka nayo."

Mjenzi akadai hela ya usumbufu na mafuta, akatudai sisi. Mwalimu akailipa kutoka kwenye michango ya kuitafuta Atlantic City, ambayo ilikuwa ya Fundi pekee, na ikaisha.

Kesho yake baa tukamkuta Mwalimu ameshafungua ukurasa mpya kwenye daftari. Ameandika kwa ule mwandiko wa ubaoni: *Gharama za maandalizi ya US Open: ndala moja, mguu wa kushoto.* Nikamwambia aandike jozi, kwa sababu ya kulia peke yake nitaivalia wapi. Akasema kihesabu iliyopotea ni moja, na kama nataka nusu ya pili ihesabiwe, niipeleke Capri Point nikaiweke chini ya mguu mwingine.