Makumbusho ya Ruhr: Jengo Zuri, Masizi Yamekwenda Wapi?

Kuingia Makumbusho ya Ruhr, eneo la migodi na viwanda magharibi mwa Ujerumani, mjini Essen, unapandishwa na ngazi ya umeme yenye urefu wa mita 58, kisha ukishafika juu ndipo unaanza kushuka ghorofa kwa ghorofa. Jengo hili lilikuwa la kuoshea makaa ya mawe ya mgodi wa Zollverein. Mgodi ulifungwa Desemba 1986, UNESCO ikauingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001, na makumbusho yakafunguliwa 2010 baada ya ofisi ya msanifu majengo Rem Koolhaas kulifanyia jengo ukarabati. Ngazi za ndani zinawaka rangi ya machungwa kama chuma kilichoyeyuka. Zinapendeza, sikatai. Ila humu hakikuyeyushwa chuma hata siku moja. Palikuwa na maji, kelele na vumbi jeusi, na hapo ndipo ugomvi wangu na jengo hili unapoanzia.

Maonyesho yenyewe nayapenda. Yanaanza na maisha ya leo, yanateremka kwenye zama za kabla ya viwanda, na chini kabisa ndipo unakuta makaa na chuma. Wapenda tarehe zilizopangwa foleni watanung'unika. Mimi naona ni sawa: unakutana na watu kwanza, halafu unauliza asili yao.

Na asili ya wengi wao ni kwingine. Kufikia 1914 mamia ya maelfu ya watu wenye kusema Kipolandi walikuwa wamehamia Ruhr kutoka majimbo ya mashariki ya Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani ya wakati huo. Walikuwa raia wa dola ileile, lakini sheria ya 1908 ilibana mikutano ya hadhara iliyoendeshwa kwa lugha isiyo Kijerumani. Leo majina ya mashariki ni fahari ya eneo zima. Wanasoka Szepan na Kuzorra, watoto wa familia za Wamasuria wa Prussia Mashariki, ndio waliokuwa nguzo za klabu ya Schalke 04 ya Gelsenkirchen ilipotwaa ubingwa wa Ujerumani mara 6 kati ya 1934 na 1942. (Wamasuria walikuwa Waprotestanti, na wengi hawakujihesabu kuwa Wapolandi. Mtaani nani alijali?)

Miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, wengine hawakuhamia bali waliletwa kwa nguvu: mateka wa Kisovieti na raia wa nchi zilizovamiwa, wakashushwa migodini kwa njaa na kipigo. Baada ya vita ikaja mikataba ya vibarua, Italia 1955, Uturuki 1961. Waturuki walipimwa afya Istanbul kabla ya kupanda treni, na mwanzoni ruhusa yao ya kukaa ilikuwa na kikomo cha miaka 2. Kikomo hicho kiliondolewa 1964, kwa sababu waajiri hawakutaka kila mara kuwapoteza watu waliokwisha kuijua kazi.

Hizi si sura tatu za pembeni. Ni historia yenyewe ya Ruhr, na ndiyo sababu siridhiki na makumbusho yanayoifanya kazi ya mgodi ionekane safi. Mtu anatoka akisifu kuta za zege na mashine zilizong'arishwa, wala hafikirii mapafu yaliyojaa vumbi la mawe na kumfanya mchimbaji mstaafu ashindwe kupanda ghorofa moja. Mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe Ujerumani, Prosper-Haniel wa Bottrop, ulifungwa Desemba 2018, na bonge la mwisho akakabidhiwa Rais Steinmeier. Sherehe ilikuwa ya heshima. Lakini ardhi ya Ruhr imetitia mahali pengi kwa kuchimbwa chini, na pampu hazina budi kutoa maji siku zote, vinginevyo maeneo makubwa yatageuka maziwa.

Ningekuwa na usemi pale, ningezima taa za machungwa kwenye ngazi walau siku moja kwa wiki, na badala yake niweke sauti ya mashine za kuoshea makaa, kwa ukali uleule waliousikia wafanyakazi. Wageni wengine wangelalamika na kuondoka mapema. Waende tu.