Gundi mbichi, nafasi imeshapita

Chuo chetu hapa Moshi ni kidogo, ukipiga chafya getini mpishi wa kantini anakuambia pole. Lakini tangazo la nafasi za fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, huko Arusha, kilomita 80 hivi tu, lilichukua wiki mbili kufika ubaoni! Jumatatu nimelikuta limebandikwa juu ya ratiba ya mitihani, gundi bado mbichi, mwisho wa maombi Ijumaa iliyopita. Namuuliza mhusika, ananijibu, "Kwani wewe haumo kwenye grupu?" Grupu lipi? Lile la kuuziana sambusa na viatu vya mtumba, tangazo linazama kabla hujaunga bando? Wenye shangazi ofisini, bila shaka, barua walishapeleka zamani.