Shule ya wasichana au ya mchanganyiko? Soma kwanza mstari wa F

Septemba, watoto wa darasa la saba wakishamaliza mtihani, nyumba nyingi za Dar es Salaam huingia kwenye kikao. Chetu kilikuwa cha mpwa wangu. Dada alikuja na msimamo tayari: shule ya wasichana, bweni, ukuta, matroni mkali. Shemeji akataka ya mchanganyiko, tena ya kutwa, mtoto alale nyumbani. Niliwasikiliza mpaka chai ikapoa. Kila mmoja alikuwa anasema kweli, ila walikuwa wanabishana mambo mawili tofauti kana kwamba ni moja.

Hoja kubwa ya dada ni matokeo. St. Francis ya Mbeya, shule ya wasichana, iliingia kwenye kumi bora za kidato cha nne mara nyingi mno, mpaka Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza kumi bora Januari 2023. Serikali nayo imepanga shule ya bweni ya wasichana ya sayansi katika kila mkoa wa Tanzania Bara, mikoa 26. Kama Serikali inaamini hivyo, alisema dada, mimi ni nani nibishe?

Lakini tuangalie wanaoingia kabla ya kuwasifu wanaotoka. Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana, shule za wasichana za Serikali, hupokea waliofaulu vizuri sana darasa la saba. Shule binafsi nyingi zenye jina zina mtihani wa kujiunga. Shule ya kata, ambayo mara nyingi ni ya mchanganyiko na ya kutwa, inampokea kila aliyepangiwa, na wengine wanafika hawajanywa hata uji. Ukizilinganisha hizo mbili, unachopima si jinsia. Unapima mchujo, ada na usingizi.

Waliojaribu kuutenga mchujo huo wamepata majibu yasiyofanana. Uchambuzi uliotoka Marekani mwaka 2014 ulikusanya tafiti 184 zenye wanafunzi milioni 1.6 kutoka nchi 21. Tafiti zilizofanywa kwa uangalifu zaidi zilionyesha faida ndogo sana ya kutenganisha wavulana na wasichana, au hazikuonyesha faida yoyote. Ila Seoul, Korea Kusini, ambako kuanzia miaka ya 1970 watoto walikuwa wakipangiwa sekondari kwa bahati nasibu, waliopangiwa shule za jinsia moja walionekana kuelekea vyuo vikuu kwa wingi zaidi. Trinidad na Tobago kukaonekana jambo jingine: wanafunzi wengi hawakunufaika, walionufaika ni wasichana waliokuwa na hamu kubwa ya shule hizo. Hili la mwisho nililirudia mara mbili pale sebuleni, kwa sababu mpaka saa hiyo hakuna aliyekuwa amemuuliza mtoto mwenyewe.

Hata hivyo dada ana hoja ambayo haimo kwenye takwimu, na niliiona kwa macho yangu. Miaka michache niliwahi kufundisha kemia shule ya kata. Bureti, ile mirija ya kupimia kimiminika yenye koki chini, zilikuwa chache, wanafunzi sita kwa moja. Mvulana mmoja anafungua koki, mwingine anatikisa chupa, wa tatu anapaza sauti ya kusoma kipimo. Msichana yuko pembeni na daftari, anajaza jedwali kwa mwandiko mzuri kuliko wote. Wiki ya pili hivyo hivyo, wiki ya tatu hivyo hivyo. Kwenye mtihani wa vitendo kila mtu anasimama peke yake, na yule binti, aliyekuwa ameandika majibu ya wenzake muhula mzima, mkono ulimtetemeka hata kuifunga koki akashindwa. Kwenye shule ya wasichana bureti lazima ishikwe na msichana. Baada ya hapo nilianza kuwapanga wasichana kwenye vikundi vyao wenyewe siku za maabara, na mambo yakabadilika. Kwa hiyo dawa inapatikana hata ndani ya mchanganyiko, lakini inamtegemea mwalimu aliyeona, na wengi wana madarasa ya watoto themanini.

Shemeji naye asipuuzwe. Kuna mabinti waliotoka sekondari ya wasichana na A level ya wasichana, wakafika chuoni kwenye semina ya kwanza wakanyamaza kabisa, si kwa kukosa jibu, bali kwa kukosa mazoea ya kukatishwa na mvulana kisha kuendelea kuongea. Na mvulana aliyezoea tangu kidato cha kwanza kuona msichana anaongoza hesabu hashangai akija kuwa na bosi mwanamke.

Woga wa dada kuhusu usalama ndio uliotuchukua muda mrefu zaidi. Bweni la mchanganyiko nikilikwepa sihitaji kushawishiwa. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika Sekondari ya St. Kizito huko Meru, Kenya, wavulana walivamia bweni la wasichana wa shule yao, wasichana 19 wakafa na wengine wengi wakabakwa. Lakini kwa shule ya kutwa hatari iko zaidi njiani. Binti anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, daladala ya kwanza konda anamzuia mlangoni kwa sababu ya nauli ya mwanafunzi, ya pili imejaa, halafu anatokea wa bodaboda anayempa lifti ya bure leo, kesho na keshokutwa. Wasichana wa Zanaki na Kisutu hawana wavulana darasani, ila kituoni wanagombea daladala zilezile. Swali la bweni au kutwa, na umbali wa shule, lina uzito mkubwa kuliko la nani anakaa dawati la jirani.

Nilichowashauri ni kufungua matokeo kwenye tovuti ya Baraza. Kila shule ina jedwali dogo la madaraja: mstari wa F wa wasichana, wa M wa wavulana, na wa jumla. Wazazi wengi wanasoma jumla tu. Tukasoma F. Shule moja ya mchanganyiko iliyosifiwa sana mtaani ilikuwa na daraja la kwanza la kutosha, karibu yote kwenye M. Hiyo tukaifuta. Nyingine, isiyo na jina kubwa, mistari miwili ilikwenda sambamba, na kutoka nyumbani ni dakika ishirini kwa miguu. Dada alikwenda kuitembelea akaingia kwanza choo cha wasichana: maji yanatoka, komeo la mlango linafunga, kuna ndoo yenye kifuniko. Mwalimu wa fizikia ni mwanamke.

Mtoto alipoulizwa, alisema anataka mahali ambapo kidato cha kwanza wanaruhusiwa kuingia maabara. Dada alirudi kuuliza, akaambiwa wanaingia. Fomu imejazwa.

Mdogo wake wa kiume yuko darasa la tano, na hapo nyumbani tayari inasemwa kwamba yeye atakwenda bweni la wavulana "akakomae". Najua njuka, yaani wanafunzi wapya, wanafanyiwa nini na wanafulishwa nini kwenye mabweni hayo. Nimemwomba shemeji tumwitie kijana naye kikao.